Mayai na watoto wa kobe kwenye zizi la nje: mwongozo kamili wa kuwalinda, kuanzia shimoni hadi mwaka wa kwanza

Kobe jike akishafukia shimo lake, hana tena habari na mayai yake. Haatamii, halindi, na hata akipita hapo kesho hatasimama. Porini uzembe huo unafidiwa na wingi: jike mmoja anaweza kutaga mara kadhaa kwa msimu, mayai matano hadi thelathini kila shimo, kwa miongo mingi. Akibaki mmoja au wawili hai, ukoo umeendelea. Zizini kwako hesabu ni tofauti. Una shimo moja au mawili, na panya, kunguru na kenge wa mtaa mzima wanaishi karibu na chakula chako kuliko wanavyoishi porini.

Wafugaji wengi hujenga ukuta mzuri wa tofali kuzunguka zizi kisha hulala wakiamini wamemaliza. Ukuta unamzuia kobe asitoke, basi. Anayekula mayai huja kwa kufukua, na anayekula watoto huja kutoka juu au hupenya kwenye tundu ambalo hukulifikiria. Kwa hiyo karibu kila kitu utakachosoma hapa kinahusu sakafu na paa.

Ninamzungumzia kobe mkubwa wa savana, mwenye gamba la manjano lililotapakaa madoa meusi, ambaye kisayansi anaitwa Stigmochelys pardalis. Ndiye anayeonekana zaidi kwenye mazizi ya Afrika Mashariki. Mengi yanafaa pia kwa kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, visiwa vya Shelisheli, kama wale wa kisiwa cha Changuu huko Zanzibar, ila mayai yao na mashimo yao ni makubwa zaidi.

Kabla ya yote, kibali

Kobe wa nchi kavu ni wanyamapori, hata kama babu yako alikuwa naye uani tangu zamani. Kenya wanasimamiwa na KWS (Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya) chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Tanzania Bara ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na mlango wa kubisha ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kukutwa naye bila karatasi ni kukutwa na nyara za serikali, na hakimu hatajali kwamba ulikuwa unamlisha vizuri. Mayai yakianguliwa, idadi ya wanyama wako imebadilika, kwa hiyo toa taarifa katika ofisi iliyokupa kibali. Usiokote mayai porini kuja kuyaangulia nyumbani. Na kama aliyeko kwako ni kobe bapa, yule anayejibana kwenye nyufa za miamba, fahamu kuwa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulimpandisha daraja la juu kabisa la ulinzi mwaka 2019. Huyo hutaga yai moja kwa wakati, na mwongozo huu haukumlenga.

Hatua ya kwanza: andaa mahali pa kutagia

Ulinzi wa mayai unaanza kabla hayajatagwa. Usipompa jike mahali pazuri, atachagua mwenyewe, na chaguo lake litakuwa kona ya zizi ambako maji ya bati huanguka, au katikati ya njia ya kobe wengine. Mbaya zaidi, akikosa udongo unaochimbika anaweza kuyabana mayai tumboni wiki nyingi mpaka akaugua. Jike mwenye mayai anayezurura siku kadhaa, anachimba na kuacha, kisha anazubaa na kuacha kula, ni mgonjwa wa daktari.

Tengeneza tuta lenye upana wa mita moja na nusu na kimo cha sentimita 40 hadi 50 juu ya ardhi ya zizi. Changanya kichanga na udongo tifutifu. Kipimo ni mkono wako: chimba shimo la kina cha kiganja na nusu, kuta zikisimama bila kuporomoka, udongo unafaa. Mchanga mtupu wa pwani huporomoka na jike hukata tamaa. Mfinyanzi mtupu hugeuka jiwe wakati wa kiangazi, na watoto hushindwa kutoka.

Tuta lielekee jua la asubuhi na lisiwe chini ya kivuli kizito. Kimo chake ndicho kinga yako ya kwanza dhidi ya masika, kwa sababu yai la kobe linapumua kupitia ganda na likikaa siku mbili tatu ndani ya maji, mtoto hufa humo humo. Chimba mfereji mdogo kuzunguka tuta ili maji yawe na pa kwenda. Kiangazi kikiwa kikali, mwagia tuta maji kidogo jioni mara moja moja, ili jike akija asikute ardhi imekauka.

Hatua ya pili: siku ya kutaga

Dalili huonekana mapema. Jike anatembea pembezoni mwa zizi bila kutulia, ananusa ardhi, anakula kidogo, na pengine anaanza kupanda majike wenzake kama dume. Siku yenyewe, mara nyingi alasiri, anasimama mahali, anamwaga mkojo mwingi kulainisha udongo, kisha anachimba kwa miguu ya nyuma tu. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, wakati mwingine hadi usiku. Mwache. Zuia watoto wa nyumbani wasimsogelee, mtoe dume, na mbwa afungwe. Akishtuka katikati anaweza kuacha shimo wazi au kutaga juu juu.

Mayai ni meupe, magumu, ya duara, karibu sawa na mipira ya tenisi ya mezani. Akimaliza anafukia, anakanyagia na kusawazisha kwa gamba la tumboni hadi usiamini kama pamechimbwa. Hapo ndipo wengi hupoteza shimo: wanasema wataweka alama asubuhi, asubuhi wanakuta uwanja mtupu. Simika vijiti vinne kuzunguka shimo papo hapo, hata kama ni kwa tochi. Andika tarehe ukutani au kwenye daftari, kwa sababu utaihitaji mwaka mzima ujao.

Kisha mwagia maji kidogo juu ya eneo lote la tuta, siyo juu ya shimo peke yake. Harufu ya mkojo na ute wa mayai mabichi ndiyo inayomwita nguchiro na kenge, na usiku wa kwanza ndio mbaya kuliko zote. Kama kizimba cha shimo (nakieleza katika hatua ya nne) hakiko tayari, funika kwa karai la chuma lililopinduliwa na uweke mawe mazito juu. Asubuhi liondoe kabla jua halijachoma.

Hatua ya tatu: kuyaacha au kuyahamisha

Hapa ndipo watu hubishana. Msimamo wangu ni huu: kama unaishi kwenye joto, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Morogoro, Dodoma, na shimo liko mahali pasipotuamisha maji, yaache mayai ardhini. Ardhi ya huko inaweka joto na unyevu vizuri kuliko sanduku lolote utakalounda, na mayai ya kobe huyu yana tabia ya kutulia bila kukua kwa muda, kisha kuendelea. Ardhini mpangilio huo unajiendesha wenyewe. Sandukuni inakubidi uubuni, na wengi huyatupa mayai mazima wakidhani yameoza.

Hamisha pale tu ambapo shimo liko njia ya maji, au liko mahali ambapo jike mwingine atalifukua akichimba lake, au siafu hupita hapo kila msimu. Nyanda za juu zenye baridi, mfano Mbeya, Njombe au viunga vya Nairobi, mayai yataanguliwa ardhini pia, ila yatachukua muda mrefu zaidi. Huko uamuzi ni wako na subira yako.

Ardhini tarajia miezi minane hadi kumi na minne. Usikate tamaa ikipita miezi kumi.

Hatua ya nne: kizimba cha shimo

Hiki ndicho kitu kimoja ambacho ningekijenga hata kama sina hela ya kitu kingine.

Tengeneza fremu ya mbao au chuma chembamba yenye upana wa sentimita 80 kwa 80 na kimo cha 30. Izungushie wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, pembeni na juu. Achana na wavu wa kuku wa matundu ya pembe sita. Ule uliundwa kumzuia kuku asitoke. Panya mdogo anapita, panya buku anaukata, na kenge anaupinda. Tafuta wavu uliochomelewa kwenye makutano ya nyaya. Wauzaji wa vifaa vya ujenzi wanao kwa mita.

Chini hapana sakafu, kwa kuwa utatoboa mayai. Badala yake chimba mtaro kuzunguka na uzike wavu kina cha sentimita 30, kisha ukunje ukingo wake wa chini kuelekea nje kwa sentimita 20. Anayefukua huanza palepale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta wavu umelala chini ya kucha zake hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili na kuanza upya. Juu weka mlango wa bawaba na kufuli, maana utahitaji kufungua.

Usifunike kizimba kwa bati wala turubai. Mayai yanahitaji jua lilelile yaliyokuwa yanalipata. Ukiyawekea kivuli cha kudumu umebadilisha joto la shimo, na joto ndilo linaloamua kama watakuwa madume au majike (la chini huleta madume, la juu majike). Mvua za siku nyingi zikija, unaweza kuegesha kipande cha bati kwa mteremko kwa siku hizo tu.

Miezi saba ya kwanza kagua mara moja kwa wiki: kuna mahali pamekwaruzwa? Sisimizi wanaingia na kutoka kwa mstari? Sisimizi wachache si tatizo, lakini njia nene ya sisimizi inayoishia shimoni ina maana kuna yai limepasuka. Baada ya hapo, kagua kila siku. Sababu inakuja hapo chini.

Hatua ya tano, kwa waliolazimika kuhamisha

Fanya ndani ya saa 24 tangu kutagwa. Baada ya hapo mtoto ndani ya yai hujishikiza upande wa juu wa ganda, na ukiligeuza anakufa. Hata ukiwahi, jizoeze kana kwamba umechelewa: fukua kwa kijiko na vidole, na kila yai kabla halijasogea, chora alama ya msalaba juu yake kwa penseli. Usitumie kalamu ya wino. Usiyaoshe. Udongo ulioshikamana uache.

Chukua boksi la plastiki lenye kifuniko, utoboe matundu machache. Ndani weka unga wa makumbi ya nazi, ule unaouzwa kwa wenye vitalu vya miche, ulioloweshwa na kukamuliwa. Ukiufinya mkononi ushikamane bila kudondosha tone. Zika kila yai nusu, alama ya penseli ikiwa juu, mayai yasigusane ili moja likioza lisiambukize jirani. Panga joto la nyuzi 28 hadi 31 za Selsiasi, upime kwa kipimajoto kilicholala kando ya mayai, siyo kilichobandikwa ukutani.

Sasa onyo ambalo ningeliandika kwa rangi nyekundu kama ningeweza. Usiweke mayai ya kobe kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga vya kuku ikiwa na mipangilio yake ya kawaida. Mashine hiyo inakaa kwenye nyuzi 37 na nusu na inageuza mayai yenyewe. Mambo yote mawili yanaua kobe. Ukitaka kuitumia, zima kigeuzi, toa trei zake, na uhakikishe inaweza kushuka hadi 30 na kubaki hapo kwa siku kadhaa kabla ya kuingiza yai hata moja.

Umeme ukikatika usihangaike. Yai la kobe linavumilia kupoa kwa saa nyingi. Lisichovumilia ni kuzidishiwa moto: nyuzi 34 kwenda juu huleta watoto wenye magamba yaliyopangika vibaya, na ukizidi hapo huwapati kabisa. Kwa hiyo boksi lisikae dirishani, wala juu ya friji yenye kupata jua la jioni.

Wiki chache baadaye, yai lenye uhai hubadilika kutoka weupe wa kung'aa kidogo na kuwa weupe wa chokaa, kuanzia juu. Unaweza kulimulika kwa tochi ya simu gizani bila kulinyanyua, ukaona mishipa myekundu. Lisilobadilika baada ya miezi miwili huenda halina mbegu, lakini liache mpaka linuke. Ukungu ukitokea juu ya ganda, futa kwa pamba kavu na upunguze maji. Ukungu peke yake hauthibitishi kifo. Sandukuni wengi huanguliwa kati ya miezi minne na sita, wengine huchelewa sana. Yaliyokwama bila kuendelea, wafugaji wengi huyapoza kwa wiki nne hivi kwenye nyuzi 20, mahali penye baridi ndani ya nyumba, kisha huyarudisha kwenye joto.

Hatua ya sita: kuanguliwa

Mtoto hutoboa ganda kwa ncha ngumu iliyo juu ya mdomo, halafu anapumzika. Anaweza kubaki ndani ya ganda lililopasuka siku moja hadi tatu, na hapo ndipo mkono wa binadamu huleta madhara. Anapopumzika anamalizia kunyonya kiini kilichobaki, ambacho kinaning'inia tumboni. Ukimvuta, kiini kinapasuka. Mwache atoke mwenyewe.

Ardhini kuna tatizo la ziada. Watoto wakishaanguliwa hubaki chini ya udongo, wakisubiri mvua ilainishe kifuniko. Ndiyo maana huko porini huonekana kwa wingi vuli au masika yanapoanza. Mvua zikichelewa na udongo wako umekuwa mgumu, mwagia shimo maji kidogo kwa kopo lenye matundu, jioni, kwa siku kadhaa mfululizo. Usichimbe.

Wakitoka, wanatoka ndani ya kizimba chako, na hapa ulinzi unaweza kugeuka kuwa hatari. Kizimba hakina kivuli. Mtoto mwenye urefu wa sentimita nne au tano akiachwa kwenye jua la saa sita bila pa kujificha, hafiki alasiri. Kwa hiyo miezi saba ikitimia tangu kutagwa, weka ndani ya kizimba kipande cha chungu kilichovunjika au kigae kilichoinuliwa upande mmoja, na uchungulie asubuhi, mchana na jioni. Ukimwona wa kwanza, wenzake mara nyingi hufuata ndani ya siku chache, ingawa shimo moja linaweza kutoa watoto kwa awamu. Usibomoe kizimba kwa sababu tu wametoka sita.

Wale ambao kiini bado kinaning'inia wawekwe kwenye beseni lenye kitambaa safi chenye unyevu, gizani, bila mchanga wala nyasi, mpaka tumbo lifunge. Siku mbili tatu za kwanza hawahitaji chakula.

Hatua ya saba: zizi la watoto

Usiwachanganye na wakubwa. Kobe wa kilo kumi hamkanyagi mtoto kwa ubaya, hamuoni tu. Isitoshe wakubwa hubeba minyoo wanayoivumilia ambayo mtoto haiwezi.

Zizi la mita moja kwa mbili linatosha watoto kumi kwa mwaka wa kwanza. Kuta ziwe za mbao au tofali, zisizoonyesha nje, kimo cha sentimita 40. Mtoto akiona nje kupitia wavu atasukuma hapo siku nzima hadi apinduke. Chini tandika wavu wa robo inchi kisha uufunike kwa udongo wa sentimita 15. Juu kifuniko cha wavu huohuo kwenye fremu, chenye bawaba na kufuli. Nusu ya zizi ipate jua la asubuhi, nusu iwe na kivuli siku nzima, kwa sababu jua ndilo linalompa vitamini D ya kujenga gamba, na kivuli ndicho kinachomwezesha kulifaidi bila kufa.

Panda mafungu ya nyasi ndani. Mtoto aliyepinduka hujigeuza haraka akipata kitu cha kushika. Kwenye sakafu laini atapiga miguu mpaka achoke. Sahani ya maji iwe bapa, maji yasizidi kidevu, na weka vijiwe ndani vya kumsaidia kutoka. Mafichoni weka makumbi yenye unyevu. Kobe mdogo anayelelewa pakavu mno huota gamba lenye vilima vilima, na kasoro hiyo haiondoki akikua.

Usiku waingize ndani ya nyumba, kwenye beseni lenye makumbi na kifuniko chenye hewa. Najua inachosha. Lakini panya hutafuna miguu ya kobe mchanga akiwa amelala, na hakuna wavu ninaouamini kwa mwaka mzima bila kutoboka mahali.

Kuhusu maadui, maneno machache kwa kila mmoja:

Kunguru wa mijini, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wale taka, ndio wezi wa mchana. Wanajifunza saa zako za kulisha na wanasubiri ufungue kifuniko. Usiache wazi hata dakika unayokwenda kuchota maji.

Kenge huogelea, hupanda ukuta na huchimba. Ukimwona mmoja amezunguka tuta, amesharudi mara nyingine usipokuwepo. Kitu kizito juu ya kizimba ni lazima.

Kuku wa jirani haheshimu mpaka, na kuku mmoja anamaliza watoto wa wiki moja kwa dakika chache. Paka kwa kawaida hucheza tu, lakini mchezo wake unatosha. Mbwa, hata wa nyumbani aliyekua na kobe wakubwa, humwona mtoto kama mfupa.

Siafu ndio wanaonitia hofu kuliko wote, kwa kuwa wavu hauwazuii. Huja baada ya mvua, usiku, kwa maelfu, na hawaachi kitu. Kama eneo lako lina siafu, mabeseni ya usiku yakae juu ya meza ambayo kila mguu umesimama ndani ya kopo la maji yaliyotiwa mafuta kidogo ya kupikia. Kagua kwamba meza haigusi ukuta wala pazia. Mayai yaliyo ardhini siafu wakiyafikia, mwagia majivu mengi kuzunguka tuta wakati ukisubiri wapite. Sumu ya unga ya kuulia wadudu usiitie zizini kabisa.

Halafu kuna mwizi mwenye miguu miwili. Changuu inajulikana kwa hili: kobe walioletwa huko kutoka Shelisheli mwaka 1919 walikuwa wanne tu, wakazaliana hadi wakawa wengi, kisha wizi ukawapunguza kiasi kwamba kufikia katikati ya miaka ya 1990 walibaki wachache mno na ikabidi wajengewe ua wa kuwalinda. Mtoto wa kobe anaingia mfukoni. Mpige picha kila mmoja, gamba la juu na la tumboni. Madoa ya kila mtoto ni yake peke yake, na picha zenye tarehe ndizo zitakazokusaidia polisi na kwenye ofisi ya wanyamapori.

Chakula, maji na afya

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu si kazi ngumu. Chakula ni majani: nyasi laini, mchunga, matembele, majani na maua ya hibiskasi, kipande cha mpungate kilichoondolewa miiba. Mchicha usiwe wa kila siku. Ugali, wali, mkate, nyama na matunda mengi hapana. Kwa kalsiamu, wa pwani wana bahati: mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, ukilowekwa siku mbili kutoa chumvi na kukaushwa, unawekwa zizini wautafune wenyewe. Wa bara wasage maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kunyunyizia juu ya majani.

Kila asubuhi waogeshe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyofika shingoni kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Hapo ndipo wanakunywa na kujisaidia, na wewe unapata nafasi ya kuwahesabu. Mara moja kwa wiki wapime kwenye mizani ya jikoni (siyo ile unayopimia unga, au iwe na bakuli lake) na uandike. Uzito unaopungua wiki mbili mfululizo husema kabla ya dalili nyingine yoyote. Povu puani, macho yaliyovimba, gamba linalobonyea baada ya miezi ya mwanzo: daktari.

Ukifika kwa daktari wa mifugo ambaye hajazoea kobe, mwambie mapema jambo moja. Ivermectin, dawa ya minyoo inayodungwa ng'ombe na mbuzi kila siku, ni sumu kwa kobe. Inalemaza na kuua. Zipo dawa nyingine za minyoo zinazomfaa.

Nawa mikono kwa sabuni kila unapowashika, na watoto wadogo wasiwabusu. Kobe mzima kabisa anaweza kuwa na bakteria wa salmonela bila yeye kuugua.

Lini wahamie zizi kubwa

Usitumie umri, tumia urefu wa gamba. Mtoto akifikisha sentimita kumi hadi kumi na mbili na gamba likawa gumu kila upande ukilibonyeza kwa kidole gumba, kunguru na panya wa kawaida hawamwezi. Mwanzoni mtoe mchana tu, kwenye sehemu ya zizi kubwa iliyotengwa kwa ubao, wakati wa kiangazi ambapo siafu hawatembei na mafuriko hayapo. Kama mtaa wako una kenge wakubwa au nguchiro, endelea kumlaza ndani mpaka avuke sentimita kumi na tano. Majike wakubwa anaweza kuchanganywa nao baada ya hapo. Dume akae upande wake: msimu wa kupandana ukianza hugonga kila kilicho mbele yake, na mtoto aliyebinuliwa saa nne asubuhi wakati wewe uko kazini hana wa kumwinua.